Inauzwa Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Amenifutia maneno. Mawili. Yangu.

Kibao cha getini nilikichora mimi wiki iliyopita. Mbao nimeipiga msasa, rangi ni ile ya bluu iliyobaki kwenye boti, herufi nimezipima kwa rula: INAUZWA NZIMA, SI VIPANDE. Kwa sababu Bwana Vyuma, yule mnunua chuma chakavu, ameshakuja mara tatu na tochi yake. Anataka kuchomoa injini zote mbili, betri, winchi ya nanga, halafu bodi liachwe nyuma ya yadi lijae maji ya mvua. Nikasema hii boti haichinjwi. Anayeitaka aibebe yote.

Leo narudi dukani, namkuta Mjomba na brashi. SI VIPANDE imepakwa nyeupe. Kumebaki INAUZWA NZIMA.

Nikamuuliza. Akasema "vipande" inanuka bucha, inafukuza wateja. Nikamwambia sasa kibao kinasema kitu kingine kabisa. Akachovya brashi tena.

"Mpwa wangu, sijaongeza hata herufi. Nimepunguza tu."

Nzima kwa maana ya yote. Hivyo ndivyo nilivyoandika! Sasa kila anayepita getini anasoma nzima kwa maana ya haina ugonjwa.

Na inao. Injini ya kushoto inao, na Mjomba anajua, maana mimi ndiye niliyemwambia.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai.

Niyapange mambo, angalau humu ndani. Yadi ni ya Mjomba. Mimi na Mama tunakaa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na karakana. Mama ni dada yake, anashona vifuniko vya viti na maturubai ya boti. Mimi natengeneza. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliachia kidato cha pili. Injini nimejifunza kwa video za simu na kitabu cha kiwandani ambacho lugha yake nilikuwa naifungua neno moja moja — kidole kwenye kamusi, kidole kwenye nati. Wenzangu wananiita Spana. Sawa tu.

Miezi kumi na moja nimeshinda ndani ya hii boti. Nyaya mpya, mabomba mapya, dari nimeibandua na kuibandika upya. Ubavuni ina jina: TULIA. Kila nikipandisha sauti, Mjomba anaonyesha ubavu wa boti kwa kidevu. Anadhani anachekesha.

Januari nilichomoa kijiti cha kupimia oili cha injini ya kushoto. Kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Yaani maji yanaingia kwenye oili. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kichwa cha injini, imekufa, au hedi yenyewe ina ufa, huwezi kujua mpaka uifungue. Ukiiwasha ikiwa baridi inaimba vizuri. Dakika kumi na tano, ishirini — inaanza kuchemsha. Ukienda nayo mwendo mrefu inakufa katikati ya maji, na ikifa vibaya mtu hajui itaondoka na nini.

Nilimwambia Mjomba tuifungue. Akasema gasketi itaagizwa. Februari akasema itaagizwa. Sasa hata kusema hasemi.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo la simu. Mjomba akishika simu anaandika kama anapiga msumari, kwa hiyo nimeandika mimi.

Niliandika hivi. Boti ya starehe, iliyotumika, futi thelathini na mbili, bodi la faiba. Usukani mara mbili, wa ndani na wa juu penye upepo. Kitanda cha mbele cha watu wawili, na meza ya sebuleni ukiishusha inakuwa kitanda cha wawili wengine. Jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji ndogo isiyopiga kelele. Choo cha pampu ya mkono. Bafu — unaoga umesimama, labda uwe mrefu sana. Nanga inapanda kwa umeme. Paneli mbili za sola juu ya paa. Kipimo cha kina cha maji kinafanya kazi. Viti vimevalishwa upya na fundi. Injini mbili za dizeli: ya kulia imara, ya kushoto inahitaji kufunguliwa hedi.

Nilikuwa najivunia lile la friji.

Mjomba alisoma kwa sauti, anatikisa kichwa kama anasikiliza wimbo. Alipofika "ya kulia imara" kichwa kikasimama. Akafuta kuanzia hapo mpaka mwisho.

"Injini mbili za dizeli. Si mbili? Zihesabu."

Mama alikuwa pale na pini mdomoni. Nilimwangalia. Akaangalia kitambaa.

Mjomba ati muuzaji hatangazi jipu lake. Nikamwambia jipu ukilikalia litapasukia kwenye suruali yako. Kidevu kikaenda ubavuni. Tulia.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja watu. Afadhali wangekuwa watu wabaya.

Mzee mmoja, dereva mstaafu. Miaka ishirini na nane ameendesha basi la shule. Kaja na mkewe na mjukuu wao wa kike. Huyo mjukuu kaingia moja kwa moja kitanda cha mbele, akajinyoosha huku na huku, akatangaza kwamba watoto watatu wanaenea wakilala ubavu. Mzee akapiga bodi teke la adabu, kama watu wanavyopiga tairi. Akauliza handibreki iko wapi. Nikamwambia haina, ina nanga.

"Na hili gari linakunywaje dizeli?"

Nikamwambia mzee wangu, hii ni boti.

"Mwanangu, kinachobeba watu ni gari."

Mkewe shida yake ilikuwa choo tu.

"Hii pampu unapiga mara ngapi?"

"Kumi na tano, mama."

"Na mgeni akisahau?"

"Basi wewe utapiga thelathini."

Akacheka mpaka akakaa. Akapapasa kiti. Akauliza nani kashona hivi, mbona mshono hauonekani ulipoanzia. Nikamwita Mama. Wakaingia kwenye uzi na sindano, wakapotelea humo. Mama alikuwa anaongea kwa mikono. Sijamwona hivyo siku nyingi.

Halafu mzee akatoa kitambaa cheupe mfukoni, kimekunjwa mara nne, kimepigwa pasi. Akasema miaka yote ile hajawahi kuwasha basi asubuhi bila kuchomoa kijiti cha oili kwa mkono wake mwenyewe. Makanika alikuwepo, wa kulipwa kabisa. Hata hivyo.

"Mtu atakwambia amepima. Kijiti hakikwambii kitu. Kinakuonyesha."

Akapima ya kulia. Safi. Ya kushoto — Mjomba alikuwa amerundika laifu jaketi zote kumi juu ya mfuniko wake wa sakafuni. Asubuhi. Nilimwona akizibeba, nikadhani anafanya usafi!

"Ni ileile tu, mzee wangu," akasema. "Pacha."

Mzee akakunja kitambaa.

Wanataka kuvuka kwenda ng'ambo, alikozaliwa mke. Wao wawili na wajukuu watatu. Mwendo wa saa sita majini. Nimehesabu: dakika ishirini ziko ngapi ndani ya saa sita? Kumi na nane. Mara kumi na nane ya kuchemka.

Wakati wa kuondoka akanigeukia mimi, si Mjomba.

"Binti, kibao nimekisoma. Ni zima kweli, hili gari?"

Nikasema, "Mjomba ndiye mwenyewe."

Hilo ndilo jibu lililotoka. Fundi mzima, mimi.

Jumapili, 9 Machi

Mjomba ndiye mwenyewe. Nimelirudia nikipiga mswaki, nikifua, nikipita chini ya kibao. Mjinga.

Jumanne, 11 Machi

Majaribio ni kesho. Mjomba amenipa galoni ya oili mpya na filta, akasema kushoto kubadilishwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajafika. "Iwe inang'aa."

Nikasema sifanyi.

Akaweka galoni chini taratibu. Hakufoka, ndicho kilichoniudhi zaidi. Akasema: hii boti mimi niliuziwa nzima. Na mtu aliyevaa tai. Alinipeleka mpaka boya jeupe na kurudi, nikampa mkono, wiki ya pili ikachemka. Nilikwenda kwa nani? Nani alinionea huruma?

Nikamwambia kwa hiyo tapeli wako ndiye mwalimu wako.

"Mimi nalisha watu watatu na yadi," akasema. "Wewe unalisha hasira tu. Na hicho chumba cha nyuma nina watu wawili wameniuliza kama kitakuwa wazi."

Alikuwa anaangalia pembeni aliposema hivyo. Ila alisema.

Jumatano, 12 Machi

Nimebadilisha. Saa kumi na mbili kamili nilikuwa chini ya sakafu na bomba la kunyonyea, natoa chai ya maziwa, natia asali. Mikono yangu hii.

Saa mbili wakafika. Mzee na mkewe, bila mjukuu. Safari hii laifu jaketi hazipo juu ya mfuniko, Mjomba mwenyewe kaufungua kwa mbwembwe. Karibu, mzee wangu, pima kushoto, pima kulia, pima unapotaka. Mzee akapima. Akageuza kijiti kwenye mwanga.

"Oili mpya," akasema.

"Mpya kabisa!" Mjomba.

"Nzuri. Ila oili mpya haina habari." Akaniangalia mimi. Sekunde moja zaidi ya inayohitajika.

Tukaondoka gatini. Mjomba kashika usukani wa juu, mzee chini na mimi kando ya mfuniko wa injini, mkewe kwenye kiti alichokivalisha Mama, ameshika mkoba kama yuko kwenye basi. Boti inakwenda! Sitasema uongo, ilinipanda raha kifuani. Inainua pua, inakata maji, madirisha hayatikisiki — nilitia mpira mpya kila dirisha. Kwa dakika tano nilisahau.

Mpango wa Mjomba ni ule wa mwenye tai. Boya jeupe na kurudi, dakika kumi na tano, kwaheri. Mimi jicho liko kwenye geji ya joto. Inapanda. Karibu na boya, mzee akasogea chini ya ngazi ili amwulize Mjomba lile swali lake. Kelele za injini. Akaweka mikono mdomoni:

"Bwana! Ni zima?"

Juu Mjomba akasikia zima. Akazima.

Zote mbili! Boti ikalala chini, maji yakatusukuma ubavu, mkoba wa mkewe ukaenda sakafuni. Na kimya. Kimya kabisa.

"Nani kasema zima?" Mjomba juu.

"Nimeuliza kama ni zima!"

"Si ndiyo nimezima!"

"Sikusema uzime! Nimesema, ni zima?"

"Imeshazima, mzee wangu, unataka nizime mara ngapi?"

Mkewe kacheka mpaka machozi. Na mimi nilianza kucheka. Halafu tukasikia. Chini ya sakafu, upande wa kushoto: sssss. Kama birika lenye kifuniko.

"Nani ametenga chai?" mkewe akauliza, bado anajifuta macho.

Mzee hakucheka. Aliinamisha sikio. Akauliza kwa sauti ya chini, "Binti. Hiyo ni nini?"

Uso wa Mjomba ukatokea kwenye tundu la ngazi, kichwa chini miguu juu, unaniangalia.

"Maji ya choo," nikasema. "Yanarudi kwenye bomba."

Injini ziliwaka. Tukarudi polepole, kwa sababu ya mandhari, alisema Mjomba. Gatini mzee akatoa mkono. Atachukua. Jumamosi asubuhi anakuja na karatasi zake, na wajukuu wote watatu, wanataka kuvuka siku hiyohiyo. "Ila kabla sijashika kalamu nitapima tena. Mazoea tu, msinifikirie vibaya."

Maji ya choo. Juzi nilikwepa swali, leo nimedanganya. Nikiendelea hivi Jumamosi nitakuwa nimeshavaa tai.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mama yote. Kumbe anajua, ukuta ni mmoja. Alikuwa anatia uzi kwenye mashine, akasema damu nzito kuliko maji, mwanangu.

Nikamwambia na oili ni nzito kuliko maji, na havichanganyiki, njoo uone vilivyo mle ndani.

Akakosa tundu la sindano. Akalamba uzi, akakosa tena. Akauliza: ukisema, Jumapili tunaamkia wapi? Nikaokota pini zake sakafuni, moja moja.

Baadaye, ametazama kwingine: "Yule mama aliniomba nimshonee mapazia ya kule mbele. Ya wale watoto, jua lisiwaamshe."

Basi. Akarudi kwenye mashine.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechomoa kijiti cha kushoto. Majaribio ya juzi tu, dakika kumi na tano na kurudi polepole. Chai ya maziwa tayari. Imekolea.

Mjomba kaleta galoni nyingine. Saa kumi na mbili kesho, kama juzi. Nikamwambia wana watoto watatu. Akasema ana shemeji ng'ambo mwenye boti ya kuvuta, lolote likitokea watapigiwa simu. Kwa hiyo analijua! Anajua mpaka nani atakwenda kuwavuta!

Nikapiga kelele, nakiri. Niliita majina ambayo mtu hamwiti mjomba wake. Mafundi wa boti ya pili wakaacha kusugua. Akaonyesha ubavu kwa kidevu, nikachukua tambara lenye grisi nikalirusha pale pale kwenye TULIA. Limeacha doa kwenye L.

Akasema, "Ukimaliza kurusha, badilisha oili."

Galoni iko hapa mlangoni. Naiona nikiinua macho.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili kasoro. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya ndani ya boti, daftari kwenye goti.

Galoni bado iko mlangoni kwetu, haijafunguliwa.

Laifu jaketi nimezitundika zote kumi kwenye reli ya nje, zinapepea. Hakuna cha kurundika. Mfuniko wa kushoto nimeuinua na kuufunga kwa kamba usije ukaanguka wenyewe, au ukaangushwa. Taa ya ndani nimeielekeza pale. Kijiti kiko mahali pake. Sijakigusa. Si kazi yangu leo.

Nilijaribu kupanga maneno. Mzee wangu, juzi nilikudanganya. Mzee wangu, boti nzima ina injini moja na nusu. Kila nikianza ninakuwa na hasira, na nikiwa na hasira nasema mambo ishirini na hakuna linalosikika. Kwa hiyo sipangi. Akiniuliza nitajibu.

Nilipotoka chumbani Mama alikuwa ameshaamka. Mashine yake iko kwenye sanduku, limefungwa kamba mara mbili, fundo la kubebea juu. Amenipa mapazia manne madogo ya bluu. Ati nikiona yafaa nimpe yule mama mwenyewe, mkononi, hata kama hawachukui.

Hata kama hawachukui. Alisema hivyo.

Geti linalia. Wamefika. Wajukuu wanakimbia mbele kwenye mbao za gati, mkewe anawaita warudi washikwe mikono. Mjomba yuko kando ya mzee, anamsimulia habari za sola, mikono hewani. Ameniona. Ananiuliza kwa kidevu: tayari? Nimemwitikia kwa kichwa. Tayari.

Anaendelea kusimulia. Hajaona mfuniko bado.

Mzee ameuona. Amepunguza mwendo. Ameacha kumsikiliza, na mkono umeshaingia mfukoni, kwenye kitambaa. Nafunga daftari.